Bakuli la Nne



Nianze na tiketi ya treni. Kila mwaka, unapokaribia Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, China nzima huhama. Kwa muda wa siku 40 mamia ya mamilioni ya watu hupanda treni, mabasi na ndege kurudi kwao, kwa sababu usiku wa mkesha kuna chakula ambacho mtoto hakikosi maadamu yu hai na ana nauli. Wanakiita tuanyuan fan, chakula cha kukutana tena. Samaki huwapo mezani na hamalizwi, kwani neno la samaki hutamkwa sawa na neno la ziada, na hakuna anayetaka kuanza mwaka bila ziada. Kaskazini watu hukaa pamoja wakikunja jiaozi; ukiziona utadhani ni sambusa ndogo zilizopotea njia zikaingia kwenye maji ya moto.

Sasa tuchukue vijana wawili, wanaume wote. Siwapi majina kwa kuwa ni mfano tu, ila mfano huu una wenyewe wengi. Mmoja kwao ni Hunan, mwingine Shandong. Wanafanya kazi Guangzhou na wamepanga nyumba moja ya vyumba viwili. Chumba cha pili kina kitanda kilichotandikwa vizuri ambacho hakilaliwi. Kipo kwa ajili ya siku ambayo mama wa mmojawapo atakuja kutembea. Wanapendana. Mwaka wa kwanza kila mmoja alikata tiketi yake, wakaagana stesheni kama watu wa ofisi moja. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Mwaka wa tatu, yule wa Shandong akauliza: "Hivi mimi na wewe tutakula mkesha pamoja lini?"

Swali hilo ndilo mhadhara wangu.

Najua wapo humu ukumbini waliokunja uso tangu walipoliona tangazo. Sikuja kuwauliza mnasemaje juu ya jambo hili kwetu. Sheria na mafundisho ya dini zetu mnayajua. Nimekuja kuwaonesha nyumba ya watu wengine, na ninaomba tuingie kwa adabu ya mgeni, viatu mlangoni.

Tumezoea kusikia kwamba mtu anayewaambia wazazi wake kuwa anapenda jinsia yake anafanya hivyo kwa ajili ya nafsi yake, ili aishi bila kujificha. Mimi naona, kwa familia ya Kichina hasa, nafsi inaweza kusubiri. Aliye peke yake anaweza kujibu "bado sijampata" miaka kumi mfululizo. Shangazi watanung'unika, jirani ataleta picha ya binti wa rafiki yake, sikukuu itapita. Kisichoweza kusubiri ni mapenzi, kwa sababu mapenzi yana mtu wa pili, na siku ya sikukuu mtu huyo wa pili naye anahitaji mahali pa kula.

Ili kuelewa kwa nini mahali hapo ni pagumu kupatikana, tuitazame meza yenyewe. Na hapa Mswahili ana bahati. Mwingereza akijifunza Kichina hulia, maana kwake mjomba, baba mkubwa na baba mdogo wote ni neno moja. Sisi hatulii. Bobo ni baba mkubwa. Shushu ni baba mdogo. Jiujiu ni mjomba. Kila aliyeketi pale ana jina la nafasi yake, na mtoto hufundishwa kuwaita wote kwa majina hayo, mmoja mmoja, kabla hajashika vijiti vya kulia. Asiye na jina la nafasi ni mgeni, na mgeni hukirimiwa vizuri, kisha huondoka. Mwambie bibi wa Hunan kwamba huyu ni mpenzi wa mjukuu wake wa kiume. Kabla hajakasirika atakwama: amwite nani? Hana neno. Mke wa mjukuu lipo, mume wa mjukuu binti lipo, la huyu halipo.

Tena meza hiyo haina walio hai peke yao. Katika nyumba nyingi za kimila, hasa kusini na Taiwan, kuna vibao vya wahenga vyenye majina yao, vinavyochomewa udi. Mwanzoni mwa Aprili, siku ya Qingming, familia huenda makaburini kupalilia na kutoa sadaka. Kuna kitabu cha ukoo, zupu, ambamo kizazi huandikwa chini ya kizazi. Mfumo wote huo unamtegemea mtu mmoja: mwana atakayezaa mwana. Mengzi, mwanafalsafa wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba katika makosa matatu ya kuwakosea wazazi, kubwa kuliko yote ni kukosa mzao. Maskini Mengzi, alisema mengi ya maana juu ya huruma na utawala bora, lakini hilo ndilo ambalo kila mama wa Kichina analikumbuka mkesha wa Mwaka Mpya. Mwanamume asiyeoa huitwa guanggun, kijiti kitupu, tawi lisilo na jani.

Kwa binti mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Kimila, binti hakuwa na nafasi kwenye kibao cha baba yake. Nafasi yake ilikuwa kwa mumewe. Aliyekufa bila kuolewa hakuwa na pa kuchomewa udi. Ndiyo maana huwa nasimama kidogo nikifika habari za wanawake wa Shunde, kwenye delta ya Mto Lulu mkoani Guangdong. Katika karne ya 19 viwanda vya hariri viliwapa wasichana wa huko mshahara wao wenyewe, na waliopata mshahara wakaanza kukataa kuolewa. Walifanya sherehe, wakajisuka wenyewe nywele kwa mtindo wa mwanamke aliyeolewa, wakaapa kutoolewa maisha yao yote. Waliitwa zishunü, wanawake waliojichana wenyewe. Baadhi yao waliishi wawili wawili kama watu wa nyumba moja. Biashara ya hariri ilipoanguka, wengi walikwenda Singapore na Hong Kong kuwa yaya na wapishi, na katika uzee walichanga fedha kujenga nyumba za kuishi na kufia pamoja, kwa sababu binti asiyeolewa hakutakiwa kufia nyumbani kwa baba yake. Hawakumtangazia mtu lolote. Walitafuta fedha kwanza, kisha paa.

Msidhani basi kwamba China ilikuwa na chuki ya kale dhidi ya mapenzi haya. Mfalme Ai wa ukoo wa Han, aliyetawala kuanzia mwaka 7 hadi mwaka 1 kabla ya Kristo, alimpenda kijana aliyeitwa Dong Xian. Inasimuliwa kwamba mchana mmoja Dong Xian alilala juu ya mkono wa kanzu ya mfalme, na mfalme alipotaka kuinuka akaukata mkono ule wa kanzu asije akamwamsha. Hadi leo "mkono wa kanzu uliokatwa" ni jina la mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume. Kisa hiki hupendwa sana na wanaotaka kuonesha kwamba zamani mambo yalikuwa shwari. Mimi nawaomba wasome mbele zaidi: Ai alikuwa na malkia, na Dong Xian alikuwa na mke, ambaye aliletwa kuishi ndani ya kasri. Mfalme alipokufa, Dong Xian alijiua. Huo ndio mkataba wa kale. Penda umpendaye, mradi umeoa; ulinzi wako utadumu kadiri ya pumzi ya anayekulinda.

Karne ya 20 iliuvunja mkataba huo bila kuleta mwingine. Katika China ya kikomunisti watu wa namna hii walikamatwa kwa kosa la jumla lililoitwa uhuni, mpaka kosa hilo lilipoondolewa katika sheria ya jinai mwaka 1997. Mwaka 2001 madaktari wa akili wa China wakaacha kuyahesabu mapenzi ya jinsia moja kuwa ugonjwa. Polisi akaondoka mlangoni, daktari naye akaondoka. Aliyebaki ni mama.

Na mama wa safari hii ana mtoto mmoja. Kuanzia 1980 hadi mwisho wa 2015 dola iliwabana watu, wa mijini hasa, wazae mtoto mmoja tu. Zamani nyumba yenye wana wanne iliweza kumvumilia mmoja aliyekwenda kuwa mtawa au kapera; ndugu zake waliuandika mstari wa ukoo. Sasa mtoto ni mmoja na wazee ni wawili, na nyuma yao wapo wengine wanne, baba na mama wa kila upande, wote sita wakimtazama huyo mmoja. Mabakuli matatu mezani. Maisha yote ya mama yanalisubiri bakuli la nne, la mkwe, na la tano, dogo.

Usemi wao wa kale hushauri kulea mtoto kama kinga ya uzee, na hiyo si nahau tu. Pensheni ya mkulima ni ndogo sana. Sheria ya haki za wazee iliyoanza kutumika Julai 2013 inawaagiza watoto wanaoishi mbali kwenda kuwaona wazazi wao mara kwa mara. Kwa hiyo mtoto anaposema "mimi napenda wanaume", mzazi husikia maneno mengine: "nitazeeka bila mtu wa kunipa maji." Akina mama wa Kichina walioeleza hadharani juu ya watoto wao hurudi palepale. Aibu ipo, majirani wapo, lakini kilichowanyima usingizi zaidi ni swali la nani atamuuguza mwanangu mimi nikiisha kufa. Swali hilo tungeuliza sisi pia.

Nigeukie maneno, maana maneno yana mzaha wake. Kuwaambia watu kwamba unapenda jinsia yako ni chugui, yaani kutoka kabatini. Ni tafsiri ya Kiingereza, neno kwa neno. Shida ni kwamba Kichina ni lugha ya toni, na chugui kwa toni nyingine kidogo ni kutoka kwenye reli, msemo wa kumsaliti mwenzi wa ndoa. Fikiria mtoto amejikaza miezi sita, anatamka neno lake, na mama anauliza, "Umemsaliti nani, na hata hujaoa?"

Neno jingine ni tongzhi. Herufi zake mbili zina maana ya wenye nia moja. Ndilo neno walilokuwa wakiitana makomredi wa chama, na wale mafundi wa Kichina waliojenga reli ya TAZARA miaka ya 70 walikuja nalo huku kwetu, wakati sisi nasi tukiitana Ndugu kuanzia kwa mwenyekiti wa tawi hadi kwa Rais. Mwaka 1989, Edward Lam, mtu wa michezo ya jukwaani wa Hong Kong, alilichukua neno hilo na kulipa tamasha la filamu za mapenzi ya jinsia moja. Likashika. Leo kijana wa Shanghai akisikia tongzhi anacheka, na babu yake anasimama wima. Katika maneno yote ya dunia kwa watu hawa, sijaona lenye heshima zaidi, na lilichukuliwa bila kuomba ruhusa kutoka mdomoni mwa serikali.

Sasa tufike kwenye ubishi wenyewe. Mwanasosholojia wa Hong Kong, Chou Wah-shan, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba kutoka kabatini ni desturi ya Magharibi, ya mtu anayejiona kwanza kama mtu mmoja. Mchina, alisema, asitoke, arudi nyumbani. Mlete mwenzako mezani. Usiseme ni nani. Aje tena mwezi ujao, amsaidie mama jikoni, amkande baba bega, amletee bibi dawa ya miguu. Mama ataanza kumwekea nyama kwenye bakuli, na kwa Mchina kumwekea mtu nyama kwenye bakuli lake ni kauli. Neno la upendo wazazi wengi wa Kichina hawalitamki, huuliza umekula? Waliogombana hawaombani radhi. Mama humenya tunda, hulikata vipande, hulileta chumbani kwenye sahani. Siku moja mama mwenyewe atasema, huyu nimfanye gan erzi, mtoto wa kupanga. Bibi amepata neno. Mgeni amepata nafasi.

Ninakiri kwamba nilipolisoma wazo hilo mara ya kwanza nililipenda mno. Lilinikumbusha majumba ya pwani, ambako mambo makubwa huamuliwa bila mtu kuyataja, kwa kahawa na kashata tu. Lakini wapo waliolijibu, na jibu lao ni zito. Wasomi wawili wanawake wa Taiwan, Liu Jen-peng na Ding Naifei, waliandika kwamba ukimya huo wenye adabu, hanxu, si ukarimu mtupu. Ni nguvu. Hakuna anayekupiga wala kukufukuza; kila mtu ana upole, na upole huo ndio unaokurudisha kivulini kila unapotaka kusogea. Mtoto wa kupanga anapendwa, ndiyo. Lakini mwana wa nyumba akiulizwa na shemeji lini ataoa, mezani pale pale, mbele ya mpenzi wake, itabidi acheke.

Mimi sasa nawaunga mkono akina mama hao wawili, kwa sababu moja ya nyumbani kabisa. Ukimya unafanya kazi wakati kila mtu ana afya. Siku mmoja akianguka, hospitali ya China humtafuta ndugu wa kutia saini kabla ya upasuaji. Mtoto wa kupanga si ndugu. Waliomlisha nyama miaka 10 watakuja kwa treni ya usiku, na yeye atakaa kwenye benchi la nje.

Kuna njia ya mkato, nayo nitaipita haraka kwa kuwa inanichosha: xinghun, ndoa ya umbo. Mwanamume anayependa wanaume na mwanamke anayependa wanawake wanafunga ndoa kwa makubaliano, wanapiga picha, wazazi wanafurahi. Kisha wazazi wanataka mjukuu. Afadhali hiyo kuliko ile nyingine, ya kumwoa binti wa watu asiyejua lolote. Wanawake hao wana jina lao, tongqi, na kwao sina mzaha. Kama yuko mtu aliyelipa deni la Mengzi kwa mwili wake, ni wao.

Wazazi wa Guangzhou ndio waliofungua mlango mwingine. Wu Youjian, mhariri mstaafu, alijitokeza kwenye televisheni katikati ya miaka ya 2000 kumuunga mkono mwanawe, na mwaka 2008 akawa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha wazazi na marafiki wa watu hawa. Akina mama kama yeye ndio walio katika filamu ya Fan Popo ya mwaka 2012, Mama Rainbow: wanapika, wanatembea bustanini, wanasimulia walivyolia. Wazazi hawa wana usemi ambao sijausahau: mtoto akitoka kabatini, mzazi anaingia. Sasa ni mama anayemkwepa jirani kwenye lifti. Ni mama anayedanganya habari za mkwe. Naye anahitaji mtu wa kumwambia, na mara nyingi mtu huyo ni mama mwingine.

Kuhusu sheria nitasema machache. Taiwan, Chi Chia-wei alijitangaza mwaka 1986 na kuanza kudai ndoa. Alifungwa, akatoka, akaendelea. Tarehe 24 Mei 2017 majaji wa katiba walimpa haki yake, na tarehe 24 Mei 2019 ndoa za kwanza zikaandikishwa, jozi 526 siku hiyo moja. Hong Kong, muswada wa kuwapa wenzi haki chache, zikiwemo za hospitali, ulikataliwa na Baraza la Kutunga Sheria Septemba 2025. China bara hakuna ndoa, lakini tangu Oktoba 2017 mtu mzima anaweza kumteua kwa maandishi mlezi atakayemsimamia akipoteza uwezo wa kuamua, na wapo wapenzi waliokwenda kwa mthibitishaji wa hati kuteuana. Karatasi hiyo haisemi neno mapenzi hata mara moja. Inasema nani anaruhusiwa kutia saini.

Narudi kwa wawili wetu wa Guangzhou. Mkiniuliza waseme au wasiseme, jibu langu ni waseme, lakini si mkesha, si mbele ya shangazi, na si kwa simu. Wamwambie mmoja kwanza, mara nyingi mama, siku ya kawaida, baba akiwa nje. Waende na karatasi ya mlezi mkononi, ili lile swali la uzee lijibiwe kabla halijaulizwa. Na wampe mama muda ule ule waliojipa wao: kama mtoto alihitaji miaka 10 kujikubali, asimdai mama akubali kabla chai haijapoa.

Halafu waitafute filamu ya Ang Lee ya mwaka 1993, The Wedding Banquet, iliyopata Dubu wa Dhahabu huko Berlin, nanyi itafuteni. Kijana wa Taiwan anaishi New York na mpenzi wake, Simon, Mmarekani. Wazazi wanakuja, basi anafunga ndoa ya uongo na msichana aliyepanga kwake. Baadaye anamwambia mama ukweli, na mama anamwomba asimwambie baba, maana moyo wa mzee ni dhaifu. Kumbe mzee anajua. Anajua siku zote, na anaelewa Kiingereza kuliko walivyodhani. Anamchukua Simon pembeni na kumkabidhi bahasha nyekundu yenye fedha, ile anayopewa mtu wa ukoo, kisha naye anamwomba asimwambie mtu. Kila mmoja katika nyumba ile amebeba siri ya mwenzake, na kila mmoja anadhani amebeba peke yake.

Msiinuke kabla ya picha ya mwisho. Wazee wanarudi Taiwan, wako uwanja wa ndege. Mzee huyu amekuwa kamanda jeshini maisha yake yote. Anafika mbele ya mkaguzi, anainua mikono yote miwili juu, taratibu, anakaguliwa, na anapita.